Siku Nilipouacha Mguu Nyumbani

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo: nilikuwa chini sakafuni, katika hospitali moja hapa mjini Kakamega, nimejizungushia shuka ya kijani kama maiti anayekataa kuzikwa, na juu yangu amesimama Mzee Timona, mzee wa kanisa letu, akiwa na chupi tu, kwa sababu daktari alikuwa akimpima nyonga nyuma ya hiyo shuka kabla sijaiangusha, na walemavu wote waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakitutazama.

"Josephat," Timona akaniambia polepole, "si ungebisha hodi."

Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha fimbo yake.

Sasa turudi nyuma. Mguu wangu wa kulia ulibaki kwenye shamba la miwa upande wa Mumias, trela ilipita juu yake nikiwa mkataji (kampuni ilinitumia pole na sukari, nikashukuru kama mjinga), na baadaye watu wa misheni wakanipa mguu wa plastiki ambao nimeuzoea hadi nachezanga nao matangani. Lakini mguu wa plastiki haulishi mtu. Mke wangu Rose ndiye analima mashamba ya wenyewe peke yake, mgongo umeanza kumpinda, na bila kadi ya ulemavu pesa za serikali haziwezi kukuona, na kadi hupati mpaka madaktari wakae, wakuangalie, waandike.

Jioni ya kuamkia siku ya kupimwa akaja Ayub, liguru wetu, yule anayetuletea maneno ya chifu kijijini. Akaegemea mlango.

"Baba Nekesa, kesho ule mguu uache."

"Niuache wapi?"

"Hapa nyumbani. Wale madaktari wanaangalianga na macho tu. Ukiingia na suruali ya pasi na viatu viwili, watasema huyu ni mwalimu amekuja kusalimia."

Rose akasema kutoka jikoni, "Ayub, wewe ulisomea udaktari lini?" Lakini mimi nilishaona ana akili (hilo ndilo kosa langu, na ni moja tu). Nikauweka mguu chini ya kitanda, nikaazima magongo.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya Lurambi kama maziwa yaliyomwagika, bodaboda ikawa inapita ndani yake bila sauti, na mimi nyuma nilijiona mwepesi, kama mtu ambaye bado hajaamka vizuri. Hospitalini mlinzi, anaitwa Shikuku, akachukua magongo yangu. "Yanazuia njia, mzee. Ukiitwa nitakuletea." Nikakaa kwenye benchi. Mvua ikaanza juu ya mabati, ile mvua ya polepole isiyo na haraka ya kwenda popote, na joto la watu likanifunika.

Nikawa niko kwenye miwa. Imechanua, maua meupe yanapepea juu kabisa, na chini umande ni baridi, naukanyaga, unapita katikati ya vidole vya miguu yangu yote miwili, wallahi naweza kuhesabu vidole. Mahali fulani mbele ya miwa kuna moshi, na harufu ya obusuma, ugali wetu, inayotokota, na marehemu mama anaita, "Josephat. Josephat." Naitika. Naenda. Miwa inanipisha yenyewe.

Kumbe anayeita ni Madam Rispa, karani, na mimi nimeinuka kweli, nimetanguliza mguu wa kulia, ule ambao haupo. Nilishika kitu cha kwanza nilichokiona. Ndiyo ile shuka.

Waliponikalisha, daktari hakucheka. Heri angecheka.

"Karani anasema umeinuka kama mtu wa miguu miwili. Una mguu wa bandia?"

"Ninao."

"Uko wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Nani alikwambia uuache?"

"Liguru."

Hapo hata Madam Rispa akafunika mdomo na faili. Daktari akasema mtu hupimwa akiwa na kifaa chake, kwamba nimeficha kifaa ili nionekane mbaya zaidi, na huo ni udanganyifu, nirudi watakapokaa tena. Lini? Hajui. Nikamwambia hakuna aliyetuambia sheria hiyo, si chifu, si tangazo la kanisani. Akaita jina lingine. Shikuku akaniletea magongo wakati huo, ati nimeitwa.

Nimeapa sitavaa wala kuvua kitu kwa ushauri wa Ayub tena, hata kofia. Lakini hilo halimnyooshi Rose mgongo. Leo pia ameenda kulima. Kwa hiyo wewe Ayub, na wewe Rispa, na wewe daktari ambaye hukutaja jina lako, nataka mmoja wenu aje hapa kwangu anijibu mbele ya Rose: ule wa plastiki ukibaki nyumbani, wa nyama unamea?