Joto Chini ya Gunia la Kukhu

Kuna mchana mmoja, mwanangu, hunijia hata sasa nikiwa nimesimama kando ya mashine zangu za kusaga hapa Kitale, unga ukielea hewani kama ukungu wa Elgon. Shule niliachia darasa la sita, na leo nani mjini hajui mashine zangu na ghorofa yangu? Sijisifu bure. Lakini mchana ule ulinifundisha kunyamaza, na kunyamaza si kipaji changu.

Ilikuwa Kabuchai, kwa nyanya yangu, Kukhu, mwaka mmoja baada ya karo ya shule za msingi kuondolewa na madarasa kufurika. Nilikuwa kijana, nimeanza kuchuuza mahindi, nimefika na viatu vipya. Mpwa wangu Nekesa alikuwa ameketi mlangoni na swali la sayansi: mbegu inahitaji nini ili iote? Wenzake walikuwa wamemcheka sana darasani alipokosa jibu, hata akaapa akikosa tena hatainua mkono kamwe.

"Andika udongo na mbolea," nikamwambia.

"Lakini mjomba, mwalimu alisema udongo si lazima..."

"Mwalimu analima wapi? Si mimi ndiye nauza mahindi, bana? Andika!"

Akainamisha kichwa, akaanza kufuta alichokuwa ameandika.

"Wewe mwenye viatu," Kukhu akaita kutoka jikoni. "Vivue uingie. Na wewe Nekesa, wacha kufuta."

Ndani mlikuwa na giza la rangi ya asali na harufu tamu ya nafaka ya wimbi iliyolowa. Alikuwa akiotesha kimea cha busaa, pombe yetu ya sherehe, maana vijana wa boma wangetahiriwa Agosti ile.

"Tia mkono chini ya gunia."

Nikatia. Jamani, joto! Kama kumpapasa mnyama aliyelala. Nilipoutoa, vidole vilikuwa vimeshikwa na punje zenye mizizi myeupe, laini kama nywele za mtoto mchanga.

"Busaa yangu unaijua sana," Kukhu akasema. "Ushawahi kuona nikiiwekea mbolea?"

Nekesa, aliyenifuata ndani, akacheka, kisha akainama juu ya gunia. "Kukhu, mbona huwa unakigeuza?"

"Kisipopumua kinaoza."

Mtoto akasimama pale, midomo ikicheza bila sauti: maji, joto, hewa. Halafu akatoka mbio kuandika. Maji na joto alikuwa nayo tangu mwanzo, na mimi ndiye nilitaka ayafute.

"Mtoto akikuuliza," Kukhu akaniambia polepole, akifunika gunia kama anayemfunika mgonjwa, "hajakuomba umwonyeshe ukubwa wako."

Kesho yake jioni tulimsikia Nekesa akiimba tangu kule kwenye miwa. Alikuwa ameinua mkono.

Sasa wewe, mwanangu, wadogo zako watakuletea maswali ya mito, ya milima, ya mimea. Usikimbilie kujibu. Muulize kwanza mtoto mwenyewe anaonaje. Kama ni mto, nendeni Nzoia mkatazame maji yanaelekea wapi. Kama ni mbegu, ilowesheni mkangoje pamoja. Na usipojua, sema hujui. Mimi mwenye ghorofa nasema hivyo kila siku, na ghorofa haijaanguka.

Mungu akuwekee joto kama lile la gunia la Kukhu, na kila mtoto atakayekujia na swali aondoke kwako akikimbia.