Mwega na Vidole vya Mguu Wangu Mzima

Jina lake hasa silijui. Pale hospitali wote wanamwita Mwega, kwa kuwa kazi yake ni kuegemewa. Daktari wa usingizi akitaka kukuchoma ganzi ya mgongo, sharti ukae, uiname, utulie tuli. Sasa mtu aliyevunjika paja atakaaje? Ndipo Mwega anapokuinua na kukukumbatia, nawe unamlilia begani. Miaka kumi na tisa hiyo. Mkononi ana alama ya meno ya bibi mmoja.

"Na alikuwa nayo manne tu," husema.

Siku hizi kuna afueni. Kwanza unachomwa kinenani, mguu unakufa ganzi, ndipo unainuliwa. Ila dawa hiyo haina haraka, yataka robo saa, pengine zaidi.

Mimi niliteleza bafuni, sabuni ndiyo iliyonimaliza. Nilikwisha kuchomwa kinenani, nikawa nimelala natazama doa la dari lililofanana na kiatu. Daktari, binti wa rika la mjukuu wangu, akaniinamia.

"Babu, bado panauma?"

"Hapaumi, binti yangu."

Uongo mtupu. Paja lilikuwa linawaka moto. Lakini nje walikuwa wakingoja wagonjwa wawili, na mimi tangu utoto sipendi kuwa mzigo. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nitakata roho huku nasema sijambo.

"Haya, tumkalishe."

Mwega akashika kisigino cha mguu uliovunjika, akakisogeza upana wa kidole tu. Usoni hakunitazama. Alitazama ule mguu mwingine.

"Bado, daktari. Simwinui."

"Mwenyewe kasema hapaumi."

"Huyu mzee mwongo."

"Kijana, unanitukana nimelala?"

"Nakutukana kwa heshima, mzee wangu. Vidole vya mguu wako mzima vimejikunja kama ngumi."

Kweli, vilikuwa vimejikunja. Wala sikuwa na habari.

Akaniambia taratibu kwamba baba mkwe wake naye aliwahi kulala kitandani hapo, akasema haumwi. Naye Mwega akamwamini, akamwinua.

"Akazimia mikononi mwangu. Na hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo."

Daktari akatazama saa, akatazama mlango, kisha akavuta stuli akakaa. Tukangoja, watatu sisi, tukiisema sabuni yangu. Baadaye Mwega akakisogeza tena kisigino.

"Unasikiaje?"

"Kwani huo mguu wa nani?"

"Sasa ndiyo maneno," akasema, akaniinua.

Nilikuwa nimekaza meno tayari, nikingoja maumivu. Nikakosa cha kuuma. Kidevu kikapumzika begani kwake, sindano ikaingia mgongoni, na mimi nilikuwa bado nasimulia habari za bafuni.

Kesho yake wodini, ganzi imekwisha, nesi akapita.

"Babu, panauma?"

Mdomo ukaanza kusema hapaumi. Nikatazama chini, nikaona vidole viko nje ya shuka, vimejikunja.

"Panauma, binti yangu," nikasema. "Tena sana."