Hafla ya Kukabidhi Feni

Hospitali ilipopata feni mpya, uongozi uliandaa hafla. Feni yenyewe haikuzidi ukubwa wa Biblia. Ilikuwa ya kuchomekwa ndani ya swichi, lile boksi la chuma linalounganisha kompyuta zote za hospitali na mtandao. Ya zamani ilikuwa imeanza kukoroma. Redio yetu ya jamii ikaalikwa, nami nikatumwa.

Nilikuta maturubai, viti vilivyovishwa vitambaa na spika za kusikika hadi Morotonga. Feni ilikuwa mezani, imefungwa utepe mwekundu kama bibi harusi. Mgeni rasmi alichelewa, kama inavyotakiwa.

Nje ya chumba cha eksirei alikaa mama mmoja wa Ikoma. Mumewe alipigwa teke na fahali, na daktari alihofia ubavu umetoboa pafu. Eksirei ilikuwa inatumwa kwa njia ya mtandao kwa daktari bingwa Mwanza. Bingwa akisema limetoboka, gari la wagonjwa lingeondoka saa hiyo hiyo.

Fundi wa mtandao alimweleza mshereheshaji mapema. "Swichi haizimwi. Nachomoa ya zamani, nachomeka mpya hapo hapo. Tukichelewa, itapata joto ijizime."

"Hatuchelewi. Maneno mawili tu."

Mgeni rasmi alipofika, tukajazana kwenye chumba kidogo cha swichi. "Mura, chomoa tuone!" mshereheshaji akampazia fundi sauti. Fundi akachomoa, akainua feni ya zamani juu, akaigeuzia kamera ule upande wa uso anaoupenda. Onyo lake alikuwa ameshalisahau.

Mgeni rasmi akaipokea feni mpya, akaanza kuhutubia. Alitoka kwenye feni akaenda kwenye barabara, kutoka barabara akaenda kwenye ndovu wanaokula mahindi ya watu. Kisha ikagundulika kwamba hakuna mkasi wa kukata utepe. Mtu akatumwa kuufuata chumba cha upasuaji.

Taa za swichi zikazimika zote kwa pamoja. Tulipiga makofi, tukidhani ni sehemu ya kazi.

Yule mama akaingia, akapenya mpaka mbele ya mgeni rasmi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Subiri, tunamalizia."

"Eksirei ya mume wangu imekatikia njiani. Daktari anasema feni mnayo ninyi."

Mshereheshaji akamshika bega. "Mama, kuna itifaki hapa."

"Hiyo itifaki inapumua? Mume wangu hapumui."

Akaichukua feni mikononi mwa mgeni rasmi, akaung'ata utepe, akauvuta ukakatika. Akamkabidhi fundi. "Weka. Picha utapiga siku ya mazishi."

Fundi akachomeka. Feni ikavuma, swichi ikawaka polepole kama mzee anayeamshwa. Hakuna aliyepiga picha hatua hiyo, ambayo ndiyo tuliyoitiwa.

Eksirei ikatumwa upya. Jibu la bingwa lilikuja wageni wakiwa wameanza kunywa soda: pafu limetoboka, aletwe sasa hivi. Wauguzi wakampakia mgonjwa huku mkewe akishikilia chupa ya dripu.

Chini ya turubai, mgeni rasmi alimwinamia mshereheshaji. "Nilikuwa nimefikia wapi?"

"Kwenye kuwajali wagonjwa, mheshimiwa."

Gari la wagonjwa likapita mbele yetu likipiga king'ora. Mheshimiwa akalisubiri lipite, akagonga maiki kwa kidole, akaendelea.