Kola ya Mrusha Tufe

Mabega ya mwanamke yule yaliingia dukani kwangu kabla yake. Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga mtaa wa Bertrams. Upande mmoja mimi na cherehani yangu, upande wa pili jirani yangu msusi, mtu wa Lubumbashi. Msusi alimtazama mgeni, akanigeukia. "Mama, hii mabega yote ni ya muntu moja?"

Nilimkanyaga mguu. Mgeni akataka kujua kasema nini, nikamtafsiria kwa aibu, naye akacheka mpaka kopo la pini likatikisika mezani. Kumbe alikuwa mrusha tufe. Myahudi wa hapa hapa Johannesburg, mtu wa dini, sketi yake inapita magoti, na alikuwa anakwenda ng'ambo kwenye michezo inayowakutanisha Wayahudi wa nchi nyingi. Timu nzima ilikuwa imepewa koti la sufu la kuvaa siku ya ufunguzi. La kwake halikufunga.

"Safari iliyopita nililibeba mkononi," alisema. "Wenzangu wote wameingia uwanjani wamevaa, mimi nimelibeba kama mhudumu wa hoteli. Safari hii nataka nifunge vifungo."

Nilimpenda papo hapo. Mimi pia ni mpana, na uchungu wa nguo iliyokatwa kwa ajili ya mtu mwingine naujua. Nikafumua mgongo wote, nikaongeza kitambaa cha rangi ileile, nikayapanua makwapa. Kola nayo ilikuwa imelegea, basi nikaitia kwa ndani kitani kizito nilichokuwa nimekihifadhi kwa ajili ya kazi ya heshima. Hakuna aliyenituma. Yalikuwa mapenzi tu.

Ijumaa akaja kujaribu. Koti lilimkaa! Akafunga kifungo cha kwanza, akafunga cha pili, akajitazama kwenye kioo machozi yakimlengalenga. Nami kwa kujidai nikaigonga kola. "Ona ilivyosimama. Ndani nimekutilia kitani safi."

Alilivua koti kama linamuunguza.

Akanieleza kwa upole kwamba kwao sufu na kitani havivaliwi pamoja katika nguo moja. Nikamwambia mbona hakionekani. Akasema anajua. Nilikasirika, sifichi. Nimeinamia kola ile mpaka shingo imekakamaa, halafu naletewa habari za nyuzi! Nilifungua mdomo nimwambie Mungu ana kazi nyingi kuliko kukagua kola, na hapo hapo nikakumbuka sambusa. Mtu akinipa sambusa ya nguruwe, nyama imefichwa ndani na imekaangwa vizuri, nitaila kwa sababu haionekani? Nikafunga mdomo, nikachukua mkasi.

Tatizo sasa likawa jua. Likizama tu Sabato inaingia, na yeye haendeshi gari wala hafanyi biashara mpaka Jumamosi jioni. Jumamosi mimi nilikuwa na harusi Pretoria mpaka usiku, na ndege yake ilikuwa Jumapili alfajiri. Na jua la Julai huku halina subira, ni majira ya baridi na linazama mapema.

Kwa kawaida Ijumaa mchana nafunga duka nakwenda kusali msikitini Mayfair. Siku hiyo sikwenda. Kwa mwanamke si lazima. Nilitandika mswala nyuma ya cherehani nikasali adhuhuri, naye akasogeza kiti chake bila kuambiwa, akanipisha. Kisha akaketi kuchomoa nyuzi. Vidole vile vinavyorusha chuma vilitoa kitani chote bila kuijeruhi sufu. Msusi alimwacha mteja wake kichwa nusu, akakimbilia mtaa wa Troyeville kunitafutia kitambaa kizito cha pamba cha kutia kwenye kola badala ya kitani. Mteja alilalamika, na haki yake.

Nilipopiga pasi ya mwisho jua lilikuwa limeshafika kwenye paa za majirani. Alivaa, akafunga vifungo vyote, akachuchumaa, akainuka na kusukuma mkono hewani kama anarusha. Wote tulitega sikio kusikia mshono ukilia. Kimya.

"Sharp," alisema msusi, yaani safi kabisa kwa lugha ya mitaani hapa. Mrusha tufe akatukumbatia, akakimbilia gari lake.

Kwenye mashindano alishika nafasi ya nne. Picha aliyonitumia haikuwa ya tufe. Ilikuwa ya siku ya ufunguzi: yuko mstari wa mbele, vifungo vyote vimefungwa, ameishika kola kwa vidole viwili ili niione. Nilifurahi nikashindwa kushona. Nilimwonyesha kila mteja, hata waliokuja kufupisha suruali.

Mwezi huu amerudi, na safari hii ameandamana na msichana mrusha kisahani, aliyechaguliwa kwa mara ya kwanza. Msichana alisimama mlangoni amejikunja, koti liko mkononi.

"Nimewaambia viongozi wa timu siku ya ufunguzi siingii uwanjani," alisema. "Halifungi."

"Litafunga," alijibu mrusha tufe kabla yangu.

Nikachukua futi. "Simama wima, mwanangu," nilimwambia. "Usiyafiche hayo mabega. Nataka kuyapima yote."