Tangazo la Arobaini ya Dafina

Katika mji wetu mtu hajafa sawasawa mpaka Rusalina amchapishe. Picha, jina, miaka, maneno mawili ya huzuni, kisha karatasi inabandikwa mlangoni na kwenye nguzo za umeme. Siku ya arobaini inabandikwa nyingine. Kazi hiyo anaifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kwa kompyuta kuukuu ambayo mimi, jirani yake muuza mishumaa, nimeitukana mara nyingi.

Ijumaa ile macho yalimsumbua. Akaingia kwenye mipangilio ya programu yake ya kuchapishia, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akuze herufi. Zikakua kweli. Lakini alikuwa amegusa pia namba inayoiambia mashine itumie alfabeti gani, na namba ya zamani hakuikumbuka. Maji yakimwagika hayazoleki. Picha ya marehemu Dafina ilitoka safi, na chini yake, mahali pa jina na maneno, alama za kuuliza tupu.

"Jaribu namba nyingine," nikamwambia, kana kwamba najua.

Akajaribu. Vikatoka visanduku. Akajaribu tena, vikatoka vistari.

"Si umpigie Zhelyazko? Programu aliitengeneza yeye."

"Zhelyazko tulimchapisha msimu wa baridi. Mishumaa si mkewe alinunua kwako?"

Mimi sikuwa na msaada wowote zaidi ya mdomo.

Mzee Stamen, mumewe Dafina, akaingia kuchukua matangazo. Arobaini ilikuwa kesho asubuhi, na basi la mwisho la kwenda mji mkubwa, kwenye wachapaji wengine, lilikuwa limeshaondoka. Rusalina akamweleza yote, bila kujitetea.

"Nikuandikie kwa mkono, baba?"

"Kwa mkono anaandikwa mbuzi aliyepotea! Dafina wangu mbuzi?"

Kicheko kikanitoka, nikaona haya papo hapo.

Mzee akaigeukia mashine. "Kwani jina lake limo humo ndani?"

"Limo, baba. Nimeliandika mwenyewe. Kulitoa ndiko kulikonishinda."

Akavua kofia, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Dafina," akaita polepole, "we Dafina, toka basi, mke wangu. Watu watapita kesho, hawatajua ni nani."