Ngumi ya Dorkasi

Mikono ya Dorkasi haikujua kutulia. Hata kanisani vidole vyake vilijikunja na kujikunjua mapajani, mpaka jirani yake akawahi kumuuliza kama anaumwa.

Ngumi alijifunza sokoni Kibaigwa, kwa wapakiaji wa mahindi waliozichapa kwa kujifurahisha lori likishajaa. Karate aliipata baadaye kwa mzee Ambokile, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma na wizara yake. Dorkasi akaviunganisha, kama mtu anavyounga mlenda kwa karanga, akafungua shule Nzuguni katika ukumbi usiopigwa lipu: miguu ya karate, mikono ya Kibaigwa. Wazazi walinong'ona kwamba kule kuinamiana ni kusujudia miungu ya watu. Akawaalika watazame. Wakatazama, wakawaacha watoto waendelee.

Kisha chama cha karate kikatangaza kwamba kila shule isimamiwe na mwenye mkanda mweusi. Wake ulikuwa wa kahawia. Ilibidi afanye mtihani. Akishindwa, shule apewe mwingine.

Wiki nzima Ambokile alimkumbusha jambo moja: katika karate ngumi hufika kwenye ngozi ikasimama.

“Usimpige,” alimwambia. “Mwonyeshe tu kwamba ungempiga.”

Siku ya mtihani alipangiwa Wambura, jitu refu lenye maneno.

“Mama, leo nyumbani kapika nani?”

Dorkasi akajiweka sawa. Teke la Wambura lilipokuja alilipangua vizuri, kikarate kabisa, na waamuzi wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha kwenda. Ulimpata chini ya mbavu. Wambura akaketi sakafuni, mdomo wazi, akitafuta hewa.

Mwamuzi akasimamisha pambano. Dorkasi akapiga magoti, akimwomba radhi Wambura, huku ngumi ileile bado imekunjwa.

“Kosa langu,” Wambura alisema pumzi iliporudi. “Niliuliza swali baya.”

Wakacheka wote isipokuwa Dorkasi. Mwamuzi akatamka: ameshindwa, arudi mwakani. Hadi hapo shule ingekuwa chini ya Ambokile, mwenye mkanda mweusi.

Jumatatu jioni upepo uliingiza vumbi ukumbini. Ambokile alisimama mbele, na Dorkasi akajipanga mstarini pamoja na wanafunzi wake, asijue mikono aiweke wapi. Ambokile akaeleza tena habari ya ngumi inayosimama. Gladness, binti wa mkanda wa njano, akanyoosha mkono.

“Sasa mtu akinivamia njiani, nimwonyeshe tu?”

Kicheko kikapita. Ambokile akamtazama Dorkasi.

“Kuiachia nitakufundisha mimi,” Dorkasi alisema. “Kuisimamisha tutajifunza wote kwa mzee.”

Wakapangwa wawiliwawili. Dorkasi akamwinamia Gladness, akavuta pumzi, akarusha. Ngumi ikasimama kwenye kitambaa cha vazi la binti, ikihangaika kama mbuzi aliyefungwa kamba.

“Imekugusa?”

“Kidogo, mwalimu.”

“Tena,” akasema Ambokile.