Nyumba Isiyo na Shimo

Mwajiri wangu alipotangaza mezani kwamba amechoka kupanga na sasa atanunua nyumba, watoto wake waliruka juu, mkewe akapiga kigelegele, na mimi nikamwaga chai. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika mkononi. Nikaomba radhi, nikafuta, nikarudi jikoni, na huko nikanuna kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Tulikuwa tunaishi Suwaidi, magharibi mwa Riyadh, katika jengo la rangi ya mchanga lililofanana na majengo mengine yote ya mtaa ule. Nyumba yenyewe haikuwa na la kusifia. Lifti ilifanya kazi ilipojisikia. Chumba changu kilikuwa kando ya jiko, na kilibana kiasi kwamba mlango haukufunguka wote, ulikwama kwenye kitanda. Lakini jiko lilikuwa na dirisha, na dirisha lile lilifungukia shimo.

Shimo ni jina tulilolitoa wenyewe. Ulikuwa uwazi mwembamba uliokata katikati ya jengo kutoka paa hadi chini, na madirisha ya majiko yote yaliangalia humo. Aliyechora ramani alikusudia upite moshi na harufu ya vitunguu. Sisi tulipitisha kila kitu.

Ninaposema sisi, nina maana ya wanawake watatu. Juu yangu alifanya kazi msichana wa Kayole, mtaa wa Nairobi, mtu wa maneno mengi, aliyekuja Saudia msimu mmoja na mimi, wakati mawakala wa Nairobi walikuwa wakitupakia kwenye ndege makundi kwa makundi. Chini yangu aliishi mama wa Kizanzibari. Yeye hakuwa mfanyakazi wa mtu. Wazazi wake walimleta Jeddah akiwa mtoto, baada ya mambo ya sitini na nne, baba yake akapata ukarani bandarini, naye akakulia huko mpaka alipoolewa Riyadh. Tulimwita Bi Mkubwa, na hakuna siku iliyopita bila yeye kutusahihisha Kiswahili chetu.

Aliyetaka mazungumzo aligonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko. Wenzake wakisikia, waliokuwa na nafasi walisogea dirishani. Halafu kulikuwa na ndoo. Ilikuwa ndoo ndogo ya plastiki, mali ya Bi Mkubwa, iliyofungwa kamba ndefu, nayo ilikaa kwa msichana wa Kayole kwa sababu ndiye aliyekuwa juu. Ilishuka na kupanda ikibeba iliki, pilipili, dawa ya kichwa, maandazi ya moto, na mara moja ilibeba kiatu, nimesahau kwa nini. Mimi sikuwa na ruhusa ya kutoka peke yangu, kama wengi wetu wakati ule. Shimo ndilo lililokuwa soko langu na kanisa langu. Ndiko nilikochekea. Sasa baba, ndivyo tulivyowaita mabosi wa kiume, alitaka kuninunulia ukimya.

Niligonga kifuniko hata kabla sijaosha vyombo.

“Wanahama,” nikasema. “Wananunua nyumba.”

“Wee! Acha zako,” akasema wa Kayole. “Villa? Si utakuwa na room kubwa sasa, na dirisha. Unalia nini?”

“Room kubwa nitaongea na nani ndani yake?”



Madam wangu alikuwa mwanamke mchangamfu, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kusamehe. Yeye na mimi tulielewana kwa Kiarabu cha jikoni, kilichojaa mikono na vichekesho, kwa hiyo maneno yake nayaandika kwa Kiswahili. Alikuwa na msimamo mmoja: hanunui nyumba ambayo mpishi hajaliona jiko lake. “Wewe ndiye utakayesimama humo,” aliniambia. “Yalla, vaa abaya, twende.” Basi mimi niliyefika nchi ile na begi moja lenye zipu mbovu nikageuka mkaguzi wa majumba ya watu.

Nikayakagua kwelikweli. Nyumba ya kwanza ilikuwa na jiko uani, mbali na sebule. Nikamwambia madam kwamba wali utafika mezani umepoa. Ya pili sinki lake lilikuwa chini sana, nikainama mbele yake na kushika kiuno ili aone. Nyingine ilinuka mfereji. Nyingine jua la mchana liliingia moja kwa moja juu ya jiko la gesi, na Riyadh ina jua la kutosha bila kuongezewa moto. Kasoro zote zilikuwa za kweli, sikutunga hata moja. Ila sikuwa ninatafuta sinki. Katika kila nyumba, madam alipotangulia kuangalia vyumba vya kulala, nilifungua dirisha la jiko, nikatoa kichwa nje na kuita, “Hodi!” Nilijibiwa na mashine za kupoza hewa. Nikarudi kwa madam na kasoro yangu.

Baba alikuwa akitusubiri garini. Siku moja aligeuka, akamtazama mkewe, akanitazama mimi kwenye kiti cha nyuma, akauliza kwa upole kabisa, “Samahani, hii nyumba inanunuliwa na nani?”

Kisha tukaenda Al-Malqa, kaskazini, kwenye mitaa mipana yenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Nyumba ilikuwa mpya. Mafundi walikuwa hawajamaliza dari, na vipande vya jibsi, ile plasta nyeupe ya dari, vilitapakaa sakafuni pamoja na vumbi jeupe lililoganda kwenye pindo za abaya zetu. Jiko lilikuwa kubwa. Dirisha lake liliangalia ua wa nyuma, na nyuma ya ua kulikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta kulikuwa na nyumba ya mtu mwingine iliyofungwa madirisha yote. Nikaita hodi. Kimya. Nikaita tena kwa sauti kubwa zaidi, mpaka fundi wa dari akashuka ngazi kuja kuangalia nani ameumia.

Nikaenda kumtafuta madam nikiwa na maneno tayari mdomoni: hapa hewa haipiti. Nilimkuta sebuleni peke yake, amesimama karibu na ukuta, anaupapasa kwa kiganja.

“Unajua,” aliniambia bila kugeuka, “nilizaliwa Jeddah katika nyumba ya babu yangu. Kuta zilijaa vitu vyetu. Tangu niolewe sijapigilia msumari mahali popote bila kumwomba mwenye jengo. Picha ya harusi yangu iko chini ya kitanda.”

Mimi nilikulia Nakuru, katika chumba cha kupanga. Mwenye ploti alikuwa mkali kuhusu kuta zake, na mama yangu alining’iniza kalenda kwenye nondo za dirisha, ikawa kila upepo ukivuma tunapoteza mwezi. Nilimtazama madam akiupapasa ukuta ule, nikamwona mama yangu waziwazi. Maneno ya hewa nikayameza.

“Jiko ni zuri, madam,” nikasema.

Aligeuka haraka. “Kweli? Mafi mushkila?”

“Hakuna tatizo hata kidogo.”

Alinikumbatia, na vumbi lote likahamia kwangu. Baba alipoambiwa, alimshukuru Mungu kwa sauti, akaenda kutafuta mwenye nyumba kabla sijabadili mawazo.

Siku ya kuaga tuligonga vifuniko wote watatu kwa pamoja, ikawa kelele hadi mtu wa ghorofa nyingine akafunga dirisha lake kwa kishindo. Wa Kayole alisema, “Aki unatuacha hivyo tu?” halafu akajifanya anapiga chafya. Kisha ndoo ikashuka, ikasimama mbele ya dirisha langu, nikaishika, na kamba yote ikaanguka juu yake. Wa Kayole alikuwa ameifungua huko juu.

“Ichukue, mwanangu,” Bi Mkubwa akasema kutoka chini. “Mie n’na nyengine.”

“Bi Mkubwa, nitaiteremsha wapi? Kule hakuna shimo.”

“Hebu n’sikilize. Mie n’lipotoka Jeddah kuja huku n’lilia mpaka mume wangu akataka kun’rejesha. Mamaangu akan’ambia, pika kitu, wapelekee majirani. Usipike kabsa, huo wali wao wa nyama wanao. Pika cha kwenu. Na hawa Waarabu katika hili wako kama sisi: sahani ya jirani hawairejeshi tupu. Itarudi na kitu. Basi weye tazama kilichorudi, utajua nani yumo jikoni.”

“Na kama hakuna mtu?”

“Utakuwa umekula vitu vizuri vya watu,” akasema. “Na hayo maandazi yako, tia iliki, mwanangu. Usiniaibishe.”

Tulihamia Al-Malqa, na nyumba nzima ilikuwa furaha. Madam alizunguka na nyundo kama fundi mwenye haraka. Picha ya harusi ilikaa sebuleni, aya zikakaa ukumbini, na kila ukuta ulipata msumari, mwingine bila kitu cha kutundika. Mimi nilipata chumba chenye dirisha kama nilivyotabiriwa, na kitanda kisichogombana na mlango. Asubuhi ya kwanza nilisimama jikoni nikagonga kifuniko kwa kijiko, kwa mazoea tu. Madam alikuja mbio kuuliza nimevunja nini. Nilikuwa na kila kitu, na nilikuwa mpweke hadi nikaanza kumsalimu jokofu.

Nikamwambia madam kwamba kwetu mtu akihamia huwapelekea majirani chakula. “Na kwetu pia!” akasema, akafurahi, akatoa sahani zake mpya zenye ukingo wa buluu. Nilikanda unga kwa tui la nazi na iliki, nikakata pembetatu, nikachoma maandazi yakafura vizuri. Nilitia sukari kwa moyo wote. Baba aliyabeba mwenyewe baada ya swala ya alasiri, kwa majirani wa kulia, wa kushoto, wa mbele na wa nyuma. Alikuwa bado na ule ugonjwa wa mwenye nyumba mpya, wa kutaka kila mtu amwone akitoka kwenye geti lake. Kwa hiyo sikuona milango ya watu wala waliomo ndani. Nilibaki kusubiri sahani.

Ya kulia ilirudi na tende. Nikazikagua, zilikuwa tende tu. Ya mbele ilirudi na tambi za kukaanga zenye kabichi na vipande vya kuku, nikajua humo jikoni yumo Mfilipino. Ya kushoto ilirudi na sambusa zenye dengu na pilipili kali, nikasema huyu ni Mwethiopia, Mungu amlinde, lakini tutaongea lugha gani? Ya nyuma haikurudi.

Siku zikapita. Madam alianza kuiulizia sahani yake kwa sauti ya juu. Mimi niliwachukia watu wale wa nyuma kwa bidii. Nikifua, nautazama ukuta wao kwa jicho baya. Nilisema moyoni, wamekula maandazi yangu na sahani wakapandia maua. Lakini tumaini langu lilikuwa kwenye sahani hiyo moja tu, na kila kengele ya getini ilipolia moyo wangu ulitangulia mlangoni.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana dereva wa majirani wa nyuma alileta sahani imefunikwa foili, karatasi ya fedha ya jikoni. Madam aliipokea, akaifunua, akaitazama kwa muda. Kisha akaibonyeza kwa kidole.

“Kwa nini wametuletea jibsi?” akauliza.

Nilisogea. Kwenye sahani yenye ukingo wa buluu kulikuwa na tonge kubwa la ugali mweupe, limeumbwa kwa bakuli likakaa duara, na kando yake spinachi iliyokaangwa na nyanya na kitunguu. Nilitoa sauti ambayo sijui niiite nini. Nilimega, nikatia mdomoni nikiwa nimesimama, machozi yakanitoka nikicheka, na madam akabaki ameshika karatasi ya fedha akiniambia nisile, nitaumwa tumbo.

Nilichukua sufuria na kijiko, nikatoka ua wa nyuma, nikagonga. Ng’a, ng’a, ng’a. Ng’ambo ya ukuta dirisha likafunguliwa.

“Wewe wa mandazi!” sauti ya mwanamke ikapaa. “Hiyo sukari yote ilikuwa ya nini? Ulitaka kutumaliza?”

“Na ugali wako haujaiva katikati!” nikajibu kwa sauti yangu yote. “Sahani umekaa nayo hadi lini?”

“Si madam alikuwa Jeddah! Ningetuma aje bila yeye? We ni wa wapi?”

“Nakuru. Wewe?”

“Bungoma.”

“Basi ningoje hapo hapo!” nikamwambia. 

Nilikimbia chumbani, nikaleta ndoo na kamba yake. Nilipanda juu ya kreti la maji ili nione ukuta unafika wapi. Nilipogeuka, madam alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, akimega ugali kidogokidogo na kukunja uso, akitazama ndoo, kamba, ukuta na mimi. Sikujua ameelewa kiasi gani. Aliweka sahani chini, akaingia ndani, nami nikashuka kwenye kreti nikijua nimeharibu.

Alirudi na nyundo, na msumari mmoja mrefu kati ya meno.

“Wapi?” akauliza.

Nikamwonyesha.